Tarehe ya Mwisho Peke Yake Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kazi za Dharura

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kazi ya dharura ni ile ambayo tarehe yake ya mwisho imekaribia, na kwamba orodha ya miradi ikishapangwa kwa kufuata tarehe hizo, mipango imekamilika. Ukweli ni kwamba tarehe ya mwisho haisemi lolote kuhusu siku ambazo kazi yenyewe itachukua. Chukua barua inayotakiwa kujibiwa kesho, ambayo nusu saa inaitosha, na ripoti inayotakiwa baada ya siku 15 za kazi. Ripoti hiyo inahitaji siku 6 za kukusanya takwimu, 5 za kuandika, 3 za kupitiwa na mkuu wa idara na 1 ya kuchapishwa, na hakuna hatua inayoweza kuanza kabla ile iliyo mbele yake haijakamilika. Jumla ni siku zote 15. Isipoanzwa leo imeshachelewa, ingawa kwenye orodha imekaa chini kabisa. Ndiyo maana kila mradi unastahili tarehe mbili, ya kukabidhi na ya mwisho ya kuanza, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayopaswa kupanga orodha.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukimaliza kwanza mambo ya haraka, utapata nafasi ya yale makubwa. Nafasi hiyo haiji, kwa sababu mambo ya haraka hayaishi. Utafiti wa Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu huchagua kazi ambayo muda wake wa kukamilishwa unakaribia kuisha hata pale ambapo nyingine ina malipo makubwa zaidi, na wanaojiona wametingwa huvutwa zaidi. Walipokumbushwa malipo wakati wa kuchagua, mvuto huo ulipungua. Kwa hiyo orodha nzima, pamoja na faida ya kila mradi, iwe mbele ya macho wakati wa kuamua.

Kuhusu makadirio ya siku ambazo kazi itachukua, tusijiamini mno: katika utafiti wa mwaka 1994, wanafunzi waliotarajia kumaliza tasnifu kwa wastani wa siku 34 walitumia zaidi ya 55.

Mwisho, kukubali dharura mpya hudhaniwa kuwa hakumgharimu mtu. Siku zilizotengewa mradi mwingine ndizo zinazoliwa, na anayeileta dharura hiyo anapaswa kuonyeshwa, kwa jina la mradi na tarehe yake mpya, ni upi utakaosogezwa.