Poseidon ni baba mkubwa au baba mdogo wa Athena?

Katika kazi yangu ya kufasiri Kigiriki cha kale kuna neno moja la ujamaa linalonikwamisha kila mara. Mwishoni mwa kitabu cha 6 cha Odyssey, utenzi wa Homer, mungu wa kike Athena, binti wa Zeus, anaisikia dua ya shujaa Odysseus lakini hajitokezi mbele yake, kwa kuwa anamstahi Poseidon, mungu wa bahari na ndugu wa baba yake, ambaye bado ana hasira na mtu huyo. Kigiriki kinatosheka na “ndugu wa baba”. Neno “ami” la pwani lingeniokoa, lakini wasomaji wangu wengi ni wa bara, nao watataka kujua ni baba mkubwa au mdogo, yaani kati ya Poseidon na Zeus ni nani aliyetangulia kuzaliwa.

Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, jibu liko wazi. Kronos na Rhea walizaa sita: Hestia ndiye kifungua mimba, kisha Demeter, Hera, Hades na Poseidon, na Zeus akawa kitinda mimba. Katika Iliad, utenzi mwingine wa Homer, kinyume chake, Zeus ndiye mkubwa. Katika kitabu cha 15 Poseidon analalamika kwamba wao ndugu watatu waligawana ulimwengu kwa kura, yeye akapata bahari, Hades giza la kuzimu na Zeus mbingu, hivyo haoni kwa nini aamrishwe. Iris, mjumbe wa Zeus, anamkumbusha tu kwamba Erinyes, miungu wa kisasi, daima huwa upande wa aliye mkubwa, naye ananywea.

Nadhani ufunguo umo tumboni mwa Kronos. Aliwameza watoto wake mmoja mmoja walipozaliwa, na zamu ya Zeus ilipofika Rhea alimpa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Alipolazimika kuwatapika, jiwe lililoingia mwisho lilitoka kwanza (Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alionyeshwa jiwe hilo Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, likipakwa mafuta kila siku). Ukihesabu kutapikwa kuwa kuzaliwa mara ya pili, mpangilio wote unapinduka, na ndiyo maana utenzi mmoja wa kale wa kumsifu Aphrodite unamwita Hestia kifungua mimba na papo hapo kitinda mimba.

Kwa Persephone hali ni ngumu zaidi, maana wazazi wake, Zeus na Demeter, ni ndugu. Hades ni mjomba wake kwa upande wa mama, ni ndugu wa baba yake, na ndiye mumewe. Apollo na Artemis wa Leto, Hermes wa Maia na Dionysus wa Semele hawanisumbui: ni ndugu wa baba mmoja, Zeus, basi.

Kwa kumfuata Homer wa Iliad, niliandika “baba mdogo”. Nilipofika kitabu cha 13 cha Odyssey nikamkuta Zeus mwenyewe akimwita Poseidon mkubwa kuliko wote na aliye bora. Nikarudi kitabu cha 6, nikafuta, nikaandika “baba mkubwa”.