Rafiki zangu wanasema nina jini mahaba: maswali na majibu kuhusu kutovutiwa kingono

Mimi ni nesi, nakaa kwenye kile chumba cha huduma rafiki kwa vijana, na maswali mengi yanayoingia ni mimba, magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango, basi. Ila kuna swali moja huwa linakuja mtu ameshamaliza shida yake, ameshasimama, ameshashika kitasa cha mlango, ndo anageuka: "Sista, alafu kuna kitu kingine." Hapo najua narudi kukaa. Nimekusanya hapa ya namna hiyo, nimebadilisha vitu ili mtu asitambulike.

Nina miaka 26, sijawahi kumtamani mtu kimwili hata siku moja. Kupenda napenda, kuachwa nimeachwa na nimelia, ila lile jambo lenyewe halinivuti kabisa. Tulikuwa kitchen party nikawaambia mashosti zangu ukweli, wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda, sasa wananiambia nina jini mahaba nikaombewe. Naumwa?

Kwa ulivyojieleza, hapana. Kuna watu wameumbwa hivyo, hawapati ule mvuto wa kingono kwa mtu yeyote, mwanamke wala mwanaume, na wengine wanaupata mara chache sana au mpaka wamzoee mtu miezi na miezi. Huko duniani wanajiita asekshuali, Kiswahili hatuna neno lililozoeleka kwahiyo mimi nasema tu mtu asiyevutiwa kingono, na wewe sema unavyopenda.

Wala sio kitu kilichozuka juzi na TikTok. Kinsey, yule mtafiti wa Marekani aliyewahoji watu kuhusu mambo ya chumbani, kitabu chake cha 1948 kiliwapanga watu kwenye ngazi ya 0 (anavutiwa na jinsia nyingine tu) mpaka 6 (anavutiwa na jinsia yake tu), alafu wakabaki watu hawakai popote kwenye ngazi, akawawekea herufi X. Mwaka 2004 profesa mmoja wa Canada, Anthony Bogaert, alichambua majibu ya zaidi ya watu 18,000 wa Uingereza akakuta karibu 1% wanasema hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Hiyo ni Uingereza, sawa, lakini chukua hesabu hiyo uipeleke kwenye grupu la michango ya harusi lenye watu 200, hao ni wawili, na nina uhakika wote wawili wamekaa kimya wanatuma emoji ya kucheka kama wengine.

Kuhusu jini, mimi siingilii imani ya mtu, ukitaka dua omba dua. Ninachokataa ni kupelekwa mahali ukafungiwa, ukanyweshwa vitu, ukachapwa ili "litoke". Hiyo ikitajwa tu, usikubali kwenda peke yako na watu hao, hata kama ni rafiki wa toka shule ya msingi.

Sasa nitajuaje kama ni maumbile au ni ugonjwa? Rafiki yangu anasema ni homoni.

Rafiki yako hajakosea kwamba homoni zipo, kakosea kudhani kila kitu ni homoni. Jiulize swali moja tu: imekuwa hivi siku zote, au kuna kitu kilikuwepo kikaondoka?

Kama hamu ilikuwepo na imepotea, njoo tuangalie. Tunaanza na sonona, maana sonona inaua hamu ya tendo sawasawa na inavyoua hamu ya chakula, alafu tunaangalia tezi ya shingoni, sukari, homoni ya prolaktini, kwa wanaume testosteroni. Tunauliza pia dawa unazotumia, kwasababu dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline zinajulikana kwa hilo, baadhi ya dawa za presha pia, na kuna wanawake wachache wanalalamika hivyo kwenye njia za homoni za uzazi wa mpango. Anayenyonyesha naye ni kawaida kutokuwa na hamu, huyo mwacheni alale. Na kama kuna mtu aliwahi kukufanyia kitu kibaya, hata zamani, sema, tunaongea taratibu.

Kama toka umebalehe ni hivyo hivyo na wewe mwenyewe huna shida nayo, vipimo havitakuwa na cha kutafuta. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha kupanga magonjwa, DSM-5 cha mwaka 2013, kimeandika wazi kwamba mtu anayejitambua kuwa asekshuali asipewe jina la ugonjwa wa kukosa hamu. Na watafiti wa Vancouver, Morag Yule na Lori Brotto, mwaka 2011 walipima jinsi miili ya wanawake asekshuali inavyojibu wakiangalia filamu za ngono, wakakuta inajibu sawa na ya wanawake wengine. Yaani mtambo unafanya kazi, ni ule mvuto wa kwenda kwa mtu ndio haupo.

Mimi ni mwanaume, miaka 29, fundi gereji. Niliwaambia washkaji sina habari na wanawake wala na hiyo mambo, wakasema jogoo hapandi mtungi. Jumamosi wakaninunulia juisi ya miwa, nimefika nusu naona chini ya glasi kuna tope tope la kahawia, nikiinua macho wote wamenyamaza wananiangalia. Walikuwa wameniwekea vumbi la Kongo. Moyo ulienda mbio, uso unawaka moto, kichwa kikauma mpaka asubuhi. Wao wanasema walikuwa wananisaidia.

Pole sana ndugu yangu, na nikwambie ukweli hili limenikasirisha. Kumnywesha mtu dawa bila yeye kujua sio msaada na sio utani, hata kwa nia njema kiasi gani.

Tuanze na mwili. Jogoo kutopanda mtungi ni mambo ya mishipa, damu, sukari, msongo: mtu anataka ila mwili unagoma. Wewe ni kinyume chake, asubuhi huenda unaamka uume umesimama vizuri tu kama kijana yeyote, ni kwamba hutaki kumpelekea mtu. Sasa ona dawa zinavyofanya kazi. Sildenafil, ile wanayoiita Viagra, inalegeza mishipa ili damu ijae kwenye uume, na haifanyi hata hilo mpaka akili iwe imeshapata msisimko wenyewe. Haina uwezo wa kukufanya umtamani mtu. Kwahiyo hata kama kwenye hiyo juisi kulikuwa na dawa ya kweli, wametibu kitu ambacho huumwi.

Na hayo ya mafundo ya unga usio na lebo, hakuna anayejua kilichomo, muuzaji mwenyewe hajui. Nchi mbalimbali wakipima hizi zinazoitwa dawa za asili za nguvu za kiume wamekuta zimechanganywa sildenafil kimyakimya, na uso kuwaka na kichwa kugonga ni dalili zake zinazojulikana, japo siwezi kuapa kwamba ndicho ulichonywa. Ungekuwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha ingeweza kushuka ghafla ukafia pale pale kijiweni. Siku nyingine ikitokea maumivu ya kifua, kuzimia, au uume umesimama zaidi ya saa 4 haulali, usione aibu, hospitali muda huo huo.

Sasa washkaji. Mimi ningekushauri umtafute mmoja, yule mwenye akili kidogo, sio kundi zima maana kundi likikaa pamoja linashindana kuchekesha. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: glasi ile, moyo ule, kichwa kile mpaka asubuhi. Usianze kumfundisha asekshuali ni nini, anza na juisi. Akielewa la juisi, hayo mengine yatakuja. Asipoelewa, basi hapo kijiweni kunywa maji yako ya chupa uliyofungua mwenyewe, na mimi nafikiri ukianza kupunguza mahudhurio wala usijilaumu.

Nimjibu nini mtu anayesema "hujampata tu wa kukukuna"?

Hii nimeisikia mpaka naiota. Mara nyingi anayesema hana ubaya, yeye njaa yake ikimuuma anadhani matumbo yote yanauma. Kama ni mtu unayemjali unaweza kumwambia, "wewe ulijuaje unapenda wanaume kabla hujalala na mmoja? Basi na mimi nimejua hivyo hivyo." Wengi hapo wananyamaza wanafikiria. Kama ni mtu wa kupita, "haya, nikimpata nitakualika" inatosha, unahamisha stori, unauliza mchezo wa Simba na Yanga ni lini, hutamsikia tena.

Kuna wanaosema "wewe jiwe, huna hisia", hii inauma zaidi. Mwaka 2012 wanasaikolojia wawili wa Brock University kule Canada, MacInnis na Hodson, waliwauliza watu wanawaonaje asekshuali, wakakuta wanawaona kama mashine, kama sio binadamu kamili. Nakutajia ili ujue kwamba yule shosti yako hajaona kitu chochote ndani yako, anarudia tu kitu ambacho watu wengi wanakidhania. Wewe ndio ulikesha naye hospitali mama yake alipolazwa, muulize jiwe gani linakesha.

Na sio lazima umjibu kila mtu. Hudaiwi ushahidi, hudaiwi historia ya chumbani kwako, na ukiamua kusema "hilo sitaki kuliongelea" hujaonyesha dharau.

Nilimwambia rafiki mmoja tu kwa siri, sasa mtaa mzima unasema mimi msagaji. Naogopa.

Hofu yako ina msingi na sitakudanganya kwamba ni maneno tu. Huku kwetu tetesi ya hivyo inaweza kumfukuzisha mtu kazi, chumba alichopanga, hata kumpigisha. Kutovutiwa na mtu yeyote na kuvutiwa na wa jinsia yako ni vitu viwili, ila nakuomba usikimbilie kupita nyumba kwa nyumba unajitetea, kwanza unazidi kukoleza stori, pili utetezi wa namna hiyo huwa unaishia kumchongea mtu mwingine ambaye hajakukosea.

Chagua watu wawili watatu wanaosikilizwa, mama mdogo, shangazi, mwenyekiti wa chama chenu, waambie moja kwa moja kwamba kuna maneno na sio kweli, wao watayazima bila kelele. Vitisho vikija kwa simu usifute hata kama vinakutia uchungu, piga picha ya skrini, mtumie ndugu unayemwamini avihifadhi. Ukitishiwa kupigwa, ondoka hapo kwa siku kadhaa uende kwa ndugu, haki utaidai ukiwa salama.

Rafiki wa kaka yangu anasema ananijaribu mara moja tu nitabadilika.

Huyo anakutangazia ubakaji kwa lugha laini. Usibaki naye peke yako, mwambie mtu mzima leo, kaka yako pia ajue maneno hayo hayo alivyoyasema. Na kama imeshatokea, kwako au kwa msomaji yeyote: usisubiri, nenda kituo cha afya au hospitali, dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora, ya kuzuia mimba pia iwahi. Nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi usizifue. Kwa Tanzania polisi kuna dawati la jinsia na watoto, Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono vya kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na ukiwa na chini ya miaka 18 piga 116, Kenya pia namba ni hiyo hiyo.

Wananiambia nisije nikaolewa, nitamtesa mtoto wa watu.

Wanaoolewa wapo, wanaozaa wapo, wengine wanashiriki tendo kwa mapenzi tu na hawaoni shida, wengine hawataki kabisa. Kitu kimoja ndio sikubaliani nacho, kumficha mchumba mpaka usiku wa harusi. Mwambie mapema, kabla ya posa kama inawezekana, akikimbia umepona wewe na yeye. Hayo mengine ni yenu wawili, mashosti hawalali hapo.

Mimi ndio nilicheka. Ile kitchen party, nikatengeneza na stika ya WhatsApp ya rafiki yangu, sura yake amevishwa shela la mtawa. Sasa haji tena kwenye vikao vyetu. Nifanyeje?

Mpigie, usimtumie meseji. Sema ulichofanya kwa jina lake, "nilikucheka na nikatengeneza stika, nilikosea", ukomee hapo, usiongeze "ila ilikuwa utani" kwasababu hiyo ila ndio inafuta yote ya mbele. Usimuulize maswali ya chumbani eti unataka kuelewa, akitaka atakwambia. Akinyamaza kwenye simu mwache anyamaze, akikata usipige siku hiyo tena.

Alafu stika. Ukiifuta kwako bado ipo kwenye simu za wenzako, haifutiki kwa mbali, kwahiyo itabidi uwaandikie kwenye grupu wewe mwenyewe, kwamba umeitoa na unaomba nao waitoe. Atakayeituma tena kesho yake ili kukuchokoza, na yupo, huyo mfuate inbox. Wiki ya pili mwalike huyo rafiki yako kitu cha kawaida, mwende Kariakoo kuangalia vitenge kama zamani, na njiani ongeeni bei za vitenge.