Honi za kielektroniki za kuchagua mlio: kinachoandikwa kwenye boksi na kinachosikika barabarani

Siku hizi swali linaloletwa gereji mara kwa mara si la alteneta wala la stata, bali ni la honi. Mteja anafika na kisanduku kidogo cheusi alichokinunua Kariakoo au mtandaoni, kimeandikwa kuwa kina milio 18 ya kuchagua, na anataka kikae mahali pa honi iliyokuja na gari. Mwenye bajaji anataka asikike kama lori, kijana wa bodaboda anataka mlio wa mbwa au wa farasi, na dereva wa basi la mkoani anataka wimbo mfupi ambao abiria wa kituo cha mbele wataujua kabla hawajaliona basi lenyewe. Mimi ni fundi umeme wa magari, na visanduku hivi nimevifunga, nimevifungua na nimevipima. Msimamo wangu ni kwamba kubadili sauti ya honi si kosa kiufundi, ila kisanduku kinachoigeuza honi kuwa kicheza nyimbo huiondolea zile sifa zinazoifanya isikike na ieleweke, na maandishi mengi yaliyo juu ya maboksi hayo hayaaminiki.

Tuanze na honi ya kawaida, kwa sababu watu huidharau bila kujua ubora wake. Ndani ya honi ya sahani mna koili, kiwambo chembamba cha chuma na platini, yaani viguso vinavyofunga na kukata umeme. Umeme unapopita, koili huwa sumaku na kuvuta kiwambo, na kiwambo kikivutwa husukuma platini zifunguke. Umeme hukatika, kiwambo hurudi, platini hufunga, na mzunguko huanza upya mara 400 au 500 kwa sekunde. Magari mengi hufungwa honi mbili, moja nzito ya karibu Hz 400 (yaani mitikisiko 400 kwa sekunde) na nyingine nyembamba ya karibu Hz 500, zinazolia kwa pamoja. Lakini kinachokufikia sikioni si hizo Hz 400 peke yake. Kila mzunguko kile chuma hugonga kiini cha sumaku, na mgongano huo huitikisa sahani ya nje ambayo imepimwa iitikie kwenye masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya juu zaidi, kuanzia Hz 2,000 hivi. Huo ndio ukali unaotoboa kelele za injini na matairi, ambazo kwa sehemu kubwa ni za masafa ya chini.

Watungaji wa kanuni waliuelewa ukweli huo vizuri. Kanuni Namba 28 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi wa magari duniani huifuata, haiishii kudai kwamba honi iwe na kelele. Inataka sauti iwe ya mfululizo na isiyobadilika, inataka nguvu kubwa ya sauti hiyo iwe kati ya Hz 1,800 na 3,550, na kwa honi za magari inataka kipimo cha umbali wa mita 2 kisishuke chini ya desibeli 105 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wala kisizidi 118. Inataka pia honi ya gari ivumilie kupigwa mara 50,000 ikiwa kwenye kipimo cha maabara. Masafa hayo yamechaguliwa kwa sababu ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi zaidi, na kiwango cha chini kimewekwa kwa sababu sauti hupotea haraka mno inaposafiri: kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, desibeli 6 hivi huondoka. Honi ya desibeli 105 kwa mita 2 inabaki na 87 ukiwa mita 16, na 81 ukiwa mita 32, na hapo bado hatujamweka msikilizaji ndani ya gari lililofunga vioo, lenye kiyoyozi na redio.

Sasa tuje kwenye kisanduku. Kazi yake ni rahisi kueleza: kuna chipu ndogo iliyohifadhi sauti, kuna amplifaya ya kuzikuza, na kuna spika ya plastiki yenye mdomo kama tarumbeta. Kitufe kikibonyezwa, chipu husoma sauti iliyochaguliwa na amplifaya huipeleka kwenye spika. Vingine vina nafasi ya memori kadi, au hupokea sauti kutoka kwenye simu kupitia Bluetooth, kiasi kwamba mtu anaweza kurekodi hata sauti ya mwanawe akaiweka iwe honi. Mpaka hapo hakuna ubaya wowote, na kwa mtu anayependa vifaa ni jambo la kufurahisha.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Boksi linasema wati 300. Amplifaya inayotumia moja kwa moja umeme wa gari la volti 12, ambao injini ikiwa inafanya kazi hufika takriban volti 13.8, haiwezi kutoa zaidi ya wati 24 hivi za sauti safi kwenye spika ya omu 4, hata ikiwa ni amplifaya bora ya aina ya daraja, inayoisukuma spika kutoka ncha zake zote mbili. Ili ivuke hapo, ni lazima ndani yake mwe na sakiti ya kupandisha volti, na sakiti hiyo ina koili nene na kapasita kubwa ambazo huwezi kuzikosa ukifungua kifuniko. Hata kabla hujafungua, angalia fyuzi: kifaa kinachotoa wati 300 kwa volti 12 ni lazima kivute zaidi ya ampea 25, lakini hiki kimewekewa fyuzi ya ampea 10 na waya mwembamba kama wa taa ya ndani. Tofauti ya wati 24 na wati 300 ni karibu desibeli 11, na kama tulivyoona hapo juu, hicho si kiasi kidogo unapokuwa unamwonya mtu aliye mbali. Nimeona magari yaliyoondolewa honi mbili nzima za kiwandani yakapewa spika ya aina hii. Ukisimama kando yake inaonekana kali, lakini ukisogea hadi upande wa pili wa barabara ya njia nne unabaki unausikia kama redio ya jirani.

Tatizo la pili huwa halionekani dukani, kwa kuwa pale mtu hubonyeza na kusikiliza akiwa ametulia. Honi ya sahani hulia papo hapo na hunyamaza papo hapo; dereva huipa urefu anaoutaka, mguso mfupi wa kumshtua mwenye baiskeli au mbonyezo mrefu wa hatari. Visanduku vingi vya bei nafuu hulala vikiwa havitumiki, na vikiamshwa huchukua muda mfupi kabla ya kuanza kusoma sauti. Nusu sekunde ni kitu kidogo mezani, lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mita 7 zimekwisha kabla mtembea kwa miguu hajasikia chochote. Halafu kuna visanduku ambavyo vikianza wimbo ni lazima viumalize hata kama dereva ameshaachia kitufe. Ukiamua kununua, jaribu jambo hilo moja kabla ya kutoa pesa: bonyeza na kuachia haraka mara tatu mfululizo. Kama husikii milio mitatu mifupi iliyoachana, hicho hakifai kuwa honi kuu ya chombo chochote.

Suala la nyimbo lina upande wa kijamii pia, na hapa Indonesia ni mfano mzuri. Mwishoni mwa mwaka 2016 msemo wa watoto wa huko, “Om Telolet Om”, ulienea dunia nzima. Walikuwa wakisimama kando ya barabara wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi zao zenye vinanda. Ilikuwa furaha ya kweli. Hata hivyo, Machi 2024 mtoto mdogo alifariki baada ya kugongwa na basi huko Cilegon, karibu na bandari ya Merak, wakati watoto walipokuwa wakilifuata basi kwa ajili ya honi hiyo, na serikali ikasisitiza upya kwamba honi za namna hiyo zisitumike. Sauti ambayo kazi yake ni kumwondoa mtu barabarani ilikuwa imeanza kumwita asogee. Wizara yao ya uchukuzi ilitaja pia sababu ya kiufundi inayowahusu madereva wetu wa mabasi ya mikoani: honi nyingi za kinanda hazitumii spika bali upepo, na upepo huo huchukuliwa kwenye mfumo uleule wa breki. Kisanduku cha kielektroniki hufungua na kufunga vali kwa mpangilio wa wimbo, na dereva anayeupiga wimbo mrefu kwenye mteremko anapunguza akiba ya kusimamisha basi. Kama ni lazima basi liwe na honi ya upepo, iwe na tangi lake dogo lenye vali ya kuzuia upepo wa breki usishuke chini ya kiwango salama. Kazi ya kuunga bomba kwenye tangi la breki kwa kutumia kiungo cha T bila vali hiyo mimi siifanyi, na abiria wakijua maana yake nao hawatashangilia.

Kwenye ufungaji ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia, kitufe cha usukani hakipeleki moto (umeme chanya wa betri) kwenye honi; kinapeleka ethi (upande hasi) kwenye koili ya rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, na rilei ndiyo inayopeleka moto kwenye honi kupitia fyuzi yake. Kwa hiyo waya wa kitufe, ukiwa haujabonyezwa, unasoma volti 12 kupitia koili ile, na ukibonyezwa unashuka hadi sifuri. Fundi asiyepima akichukua waya wa kuamsha wa kisanduku, ambao kwa kawaida unangojea moto, akauunga hapo, gari litalia muda wote na litanyamaza pale tu dereva anapobonyeza honi. Akiona hivyo, mwingine hupitisha umeme wote wa kifaa kwenye kitufe chenyewe, akasahau kwamba nyuma ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona, na kwamba utepe huohuo mara nyingi hubeba pia nyaya za mfuko wa hewa (airbag) unaomkinga dereva ajali ikitokea. Nyaya hizo huwekewa kiungo cha rangi ya njano ili zitambulike, na hazipaswi kuguswa kwa ajili ya honi kwa hali yoyote.

Njia iliyo sahihi ni kuchukua moto wa kisanduku moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, na kuunga waya wa kuamsha kwenye waya uliokuwa ukienda kwenye honi ya zamani, yaani pini 87 ya rilei. Mimi huenda mbali zaidi: huwa naiacha honi ya kiwandani kwenye kitufe cha usukani, na mlio wa mapambo naupa kitufe chake kwenye dashibodi. Kwa mabasi makubwa na malori kumbuka kwamba umeme wake ni wa volti 24, na kisanduku cha volti 12 kikiungwa hapo hakitafika jioni.

Kisheria, mambo hayana utata mkubwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka honi ya gari itoe sauti ya mfululizo, ya namna moja na isiyokera, huku magari ya dharura yakiruhusiwa kuwa na ving'ora vya ziada. India, katika kanuni zake za magari za mwaka 1989, inakataza honi zinazotoa noti tofauti zinazofuatana. Hata Nitin Gadkari, waziri wa barabara wa nchi hiyo, alipotangaza mwaka 2021 kwamba anafikiria honi zitoe sauti za ala za muziki za Kihindi, kama filimbi na ngoma za tabla, alikuwa akizungumzia kubadili ladha ya sauti. Huo ndio ubunifu ninaouunga mkono. Sauti inaweza kuwa laini au ya kipekee na bado ikawa ya mfululizo. Ila miongoni mwa ile milio 18 hukosi ya polisi na ya gari la wagonjwa, na hapa Tanzania trafiki huyasaka magari ya watu binafsi yenye ving'ora na vimulimuli, kwa hiyo mteja asishangae nikimwomba niikate sakiti ya milio hiyo kabla ya kufunga.

Magari ya umeme yameleta sura nyingine. Kwa kuwa hayana mngurumo, Marekani na Ulaya huyalazimisha kutoa sauti ya tahadhari kwa waenda kwa miguu yanapokwenda polepole, na hivyo gari hutoka kiwandani likiwa na spika ya nje. Desemba 2020 Tesla iliwaruhusu wamiliki kuitumia spika hiyo kupiga sauti wanazozitaka. Februari 2022 ikalazimika kurekebisha programu ya zaidi ya magari 578,000 nchini Marekani, kwa sababu sauti hizo zingeweza kuifunika ile ya tahadhari gari likiwa kwenye mwendo. Julai mwaka huohuo mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo iliachana na pendekezo la kuwaruhusu madereva wachague sauti ya tahadhari kati ya kadhaa.

Kwa pikipiki za umeme zinazozidi kuonekana Nairobi na Kigali, na sasa huku kwetu, hatari ni ndogo lakini ni ya kila siku. Betri yake ni ya volti 48 hadi 72, na honi, taa na indiketa hulishwa na kifaa kidogo kinachoshusha umeme huo hadi volti 12. Kifaa hicho kina kikomo cha ampea, kimeandikwa kwenye kibandiko chake, na mara nyingi hakizidi ampea 10. Honi ya upepo yenye kompresa huvuta ampea 15 au zaidi inapowaka, kwa hiyo ukiifunga hapo, dereva akipiga honi usiku taa ya mbele huzimika au hufifia wakati uleule anapoihitaji. Honi ya sahani ya ampea 3 inamtosha.