Printa Haijui Unene wa Kadibodi

Kwa sisi tunaotengeneza vifaru vya vita vidogo kwa karatasi, swali limerudi tena, na safari hii limekuja na jibu lake mkononi (1:25 maana yake kila kipimo ni moja ya ishirini na tano ya kifaru halisi): "Mchoro wangu wa kifaru ni wa 1:25. Nikitaka 1:50 si naprinti kwa asilimia 50 tu?" Hapana. Printa inapunguza urefu na upana. Unene haiugusi, na kifaru cha karatasi ni unene juu ya unene.

Tuchukue Panzer II Ausf. C (yaani toleo la C), kifaru chepesi cha Wajerumani kilichopigana Poland 1939 na Ufaransa 1940. Urefu wake m 4.81, upana m 2.22. Kwa 1:25 unapata mm 192 kwa 89; kwa 1:50, mm 96 kwa 44. Hadi hapo printa haijakosea, na hapo ndipo wengi wanapofunga hesabu.

Njoo kwenye kiunzi cha ndani, vile vipande vya kadibodi ya mm 1 vinavyopandana kwa mipasuo. Mpasuo wa mm 1 ukiprintiwa nusu unakuwa mm 0.5, lakini kadibodi uliyoshika bado ni ya mm 1. Mtu anasukuma mpaka kiunzi kinapinda, au anatanua mpasuo upande mmoja na kila kitu kinahama. Kisha ngozi ya bodi, yaani karatasi ya nje, haifungi pembeni, lawama zinamwendea mchoraji. Mchoraji wa watu hana kosa! Tumia kadibodi ya mm 0.5. Ukikosa, bandika manila mbili za gramu 160, weka chini ya vitabu vizito hadi zikauke kabisa, ndipo ukate.

Bamba za nje ndizo zinazoniudhi zaidi. Chuma cha bodi ya Panzer II Ausf. C kilikuwa na unene wa mm 14.5. Kwa 1:50 hiyo ni mm 0.29, yaani manila moja na ushee. Ukibandika kadibodi ya mm 1 ubavuni, kwa skeli hiyo umekipa kifaru chuma cha mm 50, sawa na uso wa Panzer III Ausf. J. Hapo kifaru chako si chepesi tena. Kingo za milango ya mnara, ile sehemu ya juu inayozunguka, ndizo zinazokuumbua kwanza, maana ziko wazi na jicho linaziona kabla ya kitu kingine.

Magurudumu nayo. Kila upande yako matano, kipenyo mm 550, upana mm 98. Kwa 1:25 ni duara la mm 22, tabaka nne za kadibodi ya mm 1. Kwa 1:50 ni duara la mm 11, tabaka mbili. Ukiacha nne, gurudumu halipiti tena katikati ya meno ya mnyororo, ule mkanda wa chuma ambao kifaru hutembelea. Utepe unaozunguka ukingo nao unapungukiwa: kwa manila ya mm 0.2 ulichorwa mm 69.7, nusu yake ni 34.85, lakini duara dogo pamoja na manila ileile linataka 35.2. Pengo la theluthi ya milimita, kwenye kila gurudumu. Kwa hiyo usikate utepe kwa kufuata mstari. Acha mm 2 za ziada, uzungushe, ndipo upunguze. Na uukate ufuate mkondo wa nyuzi za karatasi unaokubali kukunjika, la sivyo utavunjika mikunjo.

Mnyororo wa pingili mojamoja kwa 1:50 sahau. Pingili ya mm 90 inakuwa mm 1.8. Tengeneza utepe wa mm 6, uchore mistari kwa ncha butu ya sindano.

Printa ikiwa imewekwa "itoshee ukurasa", itakuibia asilimia chache kimyakimya. Pima mstari wa kipimo uliochorwa kwenye mchoro kwa rula ya chuma kabla ya kukata chochote.

Kuhusu 1:35, asilimia ni 71.4 na kadibodi inayotakiwa ni ya mm 0.7. Manila tatu za gramu 160 zinakaribia. Nasema zinakaribia kwa sababu gundi nyeupe huvimbisha karatasi, na sina kanuni ninayoiamini ya kukuambia kiasi gani. Gundi ikiwa ya maji zaidi, matokeo yanabadilika. Tengeneza kipande cha majaribio, kikauke usiku kucha, ukipime unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vyembamba), kisha upanue mipasuo yote ya kiunzi hadi ifikie kipimo hicho.