Kukimbia ili kichwa kitulie: yanayosemwa Arusha na yaliyo kweli

Arusha ni mji wa wanariadha, lakini kimbia barabara ya Njiro saa kumi na mbili asubuhi uone kama utakosa wa kukuuliza, "Unakimbizwa na nani?" Huo ni utani. Yapo mengine watu wanayaamini kabisa kuhusu mbio ndefu na afya ya akili.

"Mbio ni za watu wa Mbulu na Singida."
Mbio za medali, labda. Alphonce Simbu, mtu wa Singida anayefanyia mazoezi hapa Arusha, alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani aliyemfuata. Ikabidi picha iamue. Wengi wetu hatuna miguu ya hivyo. Ila nafuu ya kichwani haiangalii nani kafika wa kwanza.

"Bila kuteseka hakuna faida."
Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Mtu ana mawazo ya ada na kodi ya nyumba, Jumamosi anaamua kuanza. Anatoka Kijenge kwenda Moshono mbio kama aliyefukuzwa na mbwa. Dakika tano nyingi, kaketi kando ya barabara kashika mbavu. Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume, na raba zinaingia uvunguni.

Kipimo cha kasi ni mdomo. Kama unaweza kumsimulia mwenzako ugomvi wa kazini mwanzo hadi mwisho bila kukatika pumzi, hiyo ndiyo kasi yako. Ukishindwa, tembea mpaka pumzi irudi, si kosa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Dar juzi apunguze zaidi. Mabingwa wenyewe, kilomita zao nyingi za wiki ni za taratibu. Anayejikamua kila siku bila kupumzika huishia kukosa usingizi na kuwafokea watu wa nyumbani.

Wala si lazima ufike mbali. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata wanaofanya nusu tu ya mazoezi yanayopendekezwa kwa wiki wana uwezekano mdogo wa kupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), pungufu kwa asilimia 18 hivi, kuliko wasiofanya kabisa.

"Raha ya baada ya kukimbia ni endofini."
Si hakika. Endofini ni kemikali za mwili za kutuliza maumivu, na zilizo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Katika utafiti wa Ujerumani uliotoka mwaka 2021, wakimbiaji walipewa dawa ya kuzizuia zisifanye kazi, na bado wakapata raha na wasiwasi ukapungua. Zinazoshukiwa sasa ni endokanabinoidi, kemikali za mwili wenyewe zinazogusa sehemu zilezile ambazo bangi inagusa. (Wa kijiweni wasishangilie. Kukaa na msokoto si mazoezi.)

"Magoti yataisha."
Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kusagika kwa viungo vya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na 10.2 ya wasiokimbia. Wa mashindano ya juu ndio walizidi: 13.3.

"Ukikimbia, dawa za nini?"
Hapa tuwe makini. Amsterdam, watu 141 wenye sonona au wasiwasi uliopitiliza waliingia ama kwenye dawa ama kwenye kikundi cha kukimbia kwa wiki 16. Matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kila upande asilimia 44 hivi walipata nafuu. Lakini waliofuata dawa walivyotakiwa ni asilimia 82. Waliofuata mbio, 52.

Wala haishangazi: sonona yenyewe ndiyo inayomnyima mtu nguvu ya kufunga kamba za raba. Kumwambia "toka ukakimbie" ni kumwongezea mzigo. Mgongee mlango, tembeeni hadi kona mrudi. Mbio zitakuja zenyewe. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa kakimbia wiki mbili akajisikia vizuri. Hilo aamue na daktari. Na asiogope kwenda kliniki eti watasema "kapelekwa Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Akianza kuzungumzia kujidhuru, habari ya mbio iishie hapo. Ni hospitali siku hiyohiyo, Mount Meru au yoyote iliyo karibu, na asiende peke yake.