Dereva akishalipa faini, je, madai ya majeruhi yameisha?

Wengi tunaamini hivi: gari likikujeruhi, dereva akipelekwa mahakamani akatozwa faini, mambo yamekwisha. Kutafuta wakili baada ya hapo kunaonekana kupoteza hela.

Imani hii inaeleweka, kwa sababu mahakama tumeiona na hukumu tumeisikia. Lakini ile faini inaingia serikalini. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Madai ya fidia ya mguu wako uliovunjika ni shauri jingine kabisa, na kwa sheria ya Tanzania unayo miaka 3 ya kulifungua tangu siku ya ajali. Hata bima ndogo, ile ya lazima, ipo kwa ajili ya watu waliojeruhiwa na gari hilo.

Unaweza kudai kwa kampuni ya bima bila wakili. Ila majeraha yakiwa makubwa, mtafute kabla hujasaini hati ya kumaliza madai. Inauma sana kuona mtu amesaini karatasi moja akiwa bado na plasta mguuni, kumbe amefunga mlango wa kudai gharama za upasuaji wa pili.

Hakiki mwenyewe. Piga picha stika ya bima, kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa serikali wa kuhakiki bima mtandaoni. Tunza nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na risiti zote za hospitali. Jina la wakili litafute kwenye orodha ya wenye leseni, na malipo yake myaandikishane mapema.