Tangawizi, pweza na mpira wa magongo: nini kiliwe robo ipi

Mpira wa magongo hautazamwi kama soka. Kwenye soka unaweza kuinama ukachovya andazi, ukainua kichwa na kipa bado anajipanga kupiga goli kiki. Hoki haikupi nafasi hiyo. Kipira ni kidogo, kinakwenda kwa kasi, hakuna kuotea, na wachezaji huingia na kutoka muda wote bila mchezo kusimama. Anayewaandalia watu chakula cha kutazamia hoki inambidi aujue mchezo kwanza, ndipo aende jikoni.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nauza vinywaji na vitafunio vya jioni hapa Kikwajuni, Unguja, na yanapokuja mashindano makubwa nawawekea hoki kwenye televisheni wanaoipenda. Kila mara huulizwa jambo moja: kwa nini urojo, kile chakula cha bakuli chenye rojo, sitoi mpaka mapumziko? Na kwa nini mtu akiagiza urojo mkali namzuia tangawizi? Leo nijibu kwa kirefu.

Nianzie Ulaya, kwa sababu huko chakula na hoki vimezoeana zamani. Uholanzi, waliochukua dhahabu ya wanaume na ya wanawake Paris 2024, klabu zao za hoki huwa na ukumbi kando ya uwanja, na mechi ikiisha watu huingia humo kwa kile wanachokiita kipindi cha tatu. Hapo ni bia na bitterballen, yaani viduara vya rojo zito la nyama vilivyoviringishwa kwenye chenga za mkate vikakaangwa. Mtu wa Unguja akiviona atasema ni jamaa zake katlesi. Wabelgiji, mabingwa wa Olimpiki wa Tokyo kwa wanaume, wana viwanda vidogo vya bia chungu nzima, kila kimoja na ladha yake, na utamaduni wao huo wa bia uliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Bia mimi siinywi, wala wengi wanaokaa kwangu hawainywi. Lakini kama mtu wa vinywaji nimeifuatilia kazi yake mezani, na nakubali kwamba inajua kazi yake. Uchungu wa maua ya hopsi unakata mafuta ya kitu kilichokaangwa. Gesi inauchoma ulimi kidogo na kuuamsha. Ubaridi na ukali mdogo wa asidi vinasafisha kinywa, ukaitamani tonge ya pili kama ya kwanza. Kinywaji chochote kikifanya kazi hizo kitafaa penye vikaango, na sisi tunavyo.

Cha kwanza ni tangawizi, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kitu kinachoitwa jinjeroli. Ukiitokosa muda mrefu, sehemu yake hugeuka kuwa zinjeroni, ambayo ni pole na ina harufu tamu. Ikikaushwa, jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi ya unga hupanda mpaka puani. Kwa hiyo mimi naigawa mara mbili. Kwa jagi la lita 2 nachukua gramu 200 za tangawizi mbichi. Nusu naichemsha na sukari, karafuu nne na kipande cha mdalasini mpaka maji yabadilike rangi. Nusu ya pili naitwanga kwenye kinu, naimiminia maji ya uvuguvugu, naiacha kidogo, kisha naikamua kwa kitambaa. Nachanganya zote mbili, nakamulia ndimu, naweka kwenye friji ipate baridi. Maji ya gesi natia wakati wa kumimina kwenye gilasi, si kabla, la sivyo gesi yote inapotea.

Gesi hiyo natoa kwenye chupa makusudi. Wapo wanaoacha tangawizi na sukari ichachuke siku kadhaa ili itoe gesi yenyewe, lakini chachu inayotoa gesi ndiyo hiyo hiyo inayotoa kilevi. Nataka mtu anywe kwangu bila shaka moyoni. Cha pili ni juisi ya miwa, nayo ina hadhari yake. Ikikutana na hewa inaanza kuwa nyeusi kwa sababu ya vimeng'enya vilivyomo ndani yake, na kwa joto letu haichukui saa nyingi kuanza kuchachuka. Ndimu inachelewesha ule weusi. Basi naikamua mteja akiwa amesimama mbele yangu, na ndimu inapita mashineni pamoja na muwa.

Sasa mchezo. Hoki ya kimataifa ina robo nne za dakika 15, na kati ya robo ya kwanza na ya pili, na ya tatu na ya nne, mapumziko ni dakika mbili tu. Dakika mbili hazitoshi mtu kunawa, kuchagua na kurudi kitini. Kinacholiwa robo ya kwanza lazima kiliwe kwa mkono mmoja na macho yakiwa kwenye skrini. Kwangu ni pweza. Namchemsha kwa moto mdogo na maji machache sana, kwa sababu mwenyewe anatoa maji mengi. Ugumu wa nyama yake ni nyuzi ambazo hulainika polepole. Ukimharakisha kwa moto mkali anakuwa mpira wa kiatu. Kijiti kikipenya mkono wake bila kusukumwa, ameiva. Nakata vipande vidogo, kila kimoja na kijiti chake, chumvi na ndimu, pilipili pembeni. Pweza hana mafuta, hivyo hahitaji gesi. Mpe juisi ya ukwaju. Robo ya pili ndipo mishkaki na katlesi zinapotoka, na tangawizi nayo ikaingia kazini.

Kuna wakati mmoja ambao hapiti mtu na sinia mbele ya televisheni: kona fupi, yaani pigo la adhabu karibu na goli. Mwamuzi akiitoa, walinzi wanne na kipa wanasimama nyuma ya mstari wa goli, wenzao wote wanarudi mstari wa katikati. Mshambuliaji mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, mita 10 kutoka mlingoti. Lazima utoke nje ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli kwanza, ndipo upigwe kuelekea goli. Pigo la kwanza likiwa la kuchapwa, mpira uvuke mstari ukiwa haujapita sentimita 46, urefu wa ubao wa goli. Lakini ukiburutwa kwa gongo na kurushwa, unaweza kwenda juu kadiri mpigaji anavyotaka, na hapo ndipo mabingwa wanapojulikana. Ukigeuka kuomba ndimu umekosa bao, na marudio hayana utamu ule.

Urojo basi ni wa mapumziko makubwa. Ni chakula cha bakuli, cha kijiko, cha kuinama: bajia, kachori, viazi, muhogo wa kukaanga unaovunjikia ndani ya rojo la manjano lenye embe mbichi. Unastahili macho yako pia. Na ukiutia pilipili nyingi usinywe tangawizi. Kapsaisini ya pilipili na jinjeroli hugonga mlango mmoja kwenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo unaongeza moto juu ya moto. Maji matupu hayasaidii, maana kapsaisini haiyeyuki ndani ya maji. Maziwa baridi yanasaidia, sukari ya miwa inapoza, na ile chatni ya nazi juu ya bakuli ina kazi hiyo hiyo. Usimwambie muuzaji asiitie.

Vijana huniambia hoki ni ya Wahindi na Wazungu. Kenya ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow 1980, baada ya mataifa mengi kususia. Tulikuwa wa sita kati ya timu sita, na India ilitufunga 18–0 kabla ya kwenda kuifunga Hispania 4–3 na kutwaa dhahabu. Lakini tulikuwepo, na mwaka huo huo dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Zimbabwe. Nalitaja hili kila ninapoweza, kwa sababu mtoto anayejua kwamba nchi yake imewahi kufika huko huitazama mechi kwa jicho jingine.

Mechi ya mtoano ikimalizika sare huja mikwaju ya hoki, ambayo haifanani na penalti za soka: mchezaji anaanza na mpira mita 23 kutoka goli, peke yake na kipa, na ana sekunde 8. Fainali zote mbili za Paris ziliamuliwa hivyo. Wakati huo jiko langu linazimwa, nami nakaa na watu.

Kombe la Dunia la 2026 limepangwa Agosti, Uholanzi na Ubelgiji pamoja, wanaume na wanawake. Saa zao mwezi huo ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mechi ya saa mbili usiku kwao tutaiona saa tatu. Anayetaka kuandaa nyumbani amtie pweza sufuriani baada ya Alasiri, tangawizi itwangwe Magharibi, na jagi liwe limeshaingia kwenye friji kabla ya Isha. Urojo upashwe robo ya pili ikianza.